Dawa Ndani ya Kikopo cha Ugoro

Hapo zamani, ugoro uliponuswa bila kificho, Mwanjaa alikuwa na mimba ya miezi minane na mama asiyemjua. Jamani, mama mzazi! Bi Somoe alisahau yote. Kila asubuhi alimwita binti yake mgeni na kumkaribisha kiti. Mwanjaa alilia mpaka macho yakavimba. Kisha akatoa ahadi mbele ya watu: atakayemfanya mama amwite kwa jina, ndiye atakayempa mtoto jina. Na kwao, mpa jina huwa ndugu wa damu.

Mzee Mhina, mchimba dawa, akapanda mlima siku tatu, akarudi na mzizi wa manjano na goti lililochubuka. Ukachemshwa, mama akanywa wiki nzima. Wapi! Mwanjaa akabaki mgeni.

Akaja Nasieku, muuza samli. Akaonja ile dawa, akasema haiyeyuki kwenye maji, inatoka tumboni kama ilivyoingia. Akausaga mzizi, akaupika kwa samli yake bora. Mama akala, mikono ikaacha kutetemeka, usingizi ukarudi. Lakini kichwani dawa haikufika, na mama naye akachoka, akafumba mdomo.

Alibaki Bi Tunu, mke mwenza. Miaka thelathini amegombana na Bi Somoe, kwa hiyo anamjua hadi kucha. Mdomo ataufumba, ila ugoro haukatai. Basi akakiiba kikopo cha ugoro cha mwenzake, akachanganya ugoro na ile samli ya dawa, akakirudisha kimyakimya.

Siku ya tatu ya kunusa, Bi Somoe akapiga chafya saba. Akatazama kikopo.

“Tunu, nani kakuruhusu kugusa ugoro wangu?” Akageuka. “Na wewe Mwanjaa, tumbo kubwa hivyo umesimama tu?”

Weee! Vigelegele vilianzia uani vikafika kisimani. Mwanjaa alimkumbatia mama, akicheka na kulia.

Hapo hapo ugomvi ukaanza.

“Bila mzizi wangu mngepika nini?” akauliza Mhina.

“Mzizi wako ulikuwa unapita tu,” akajibu Nasieku. “Mimi ndiye niliyeupa miguu.”

“Ukatembea ukaishia tumboni,” akasema Bi Tunu. “Njia ya kwenda kichwani niliijua mimi.”

Bi Somoe akabana pua. “Mjukuu wangu apewe jina na Tunu? Labda nisahau tena.”

Haya, nyie mnaokenua meno, mtoto kashazaliwa, wa kike, na Mwanjaa amempakata anangoja. Ahadi ni ahadi. Je, nani alistahili kumpa jina?