Karamu ya Paka Aliyedhani Amepona

Ijumaa, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa tatu kasorobo asubuhi. Hapo ndipo nyumba hii ilipobadilika. Leo ni siku ya arobaini. Khitma tumekwisha kuisoma, wali umeliwa, masinia yameoshwa, na jua la alasiri bado liko juu ya ukuta. Wajukuu wananivuta kanga, "Bibi, hadithi." Aliyekuwa akihadithia hapa ni babu yenu, Mzee Faki. Mimi nilikuwa namenya muhogo na kumsahihisha. Leo nitahadithia mimi, polepole. Mkitaka kucheka, chekeni. Babu yenu hakupenda hadithi ya watu walionuna.

Paukwa!

Pakawa!

Na wakubwa waitikie. Bi Mafunda, nimekuona, umefunga mdomo kama kopo. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakiwasikia, palikuwa na bwana mmoja akiitwa Pandu. Bwana Pandu alifuga Paka, na alifuga Mbwa. Paka jina lake Shume. Alilala ndani, juu ya mkeka. Mbwa jina lake Doria. Alilala nje, mlangoni mwa jiko.

Doria alikuwa mzee. Alikuwa na baridi yabisi. Kila asubuhi akiinuka, magoti yalilia, ko! ko! ko! Naye hakununa. Alisema, "Haya, magoti yangu, twendeni." Akazunguka ua mara tatu, polepole, mpaka magoti yakanyamaza. Kesho yake yakalia tena. Akazunguka tena. Miaka ikapita hivyo.

Sasa Bwana Pandu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alimkataza halua. Alimkataza visheti. Alimkataza chai ya sukari. Lakini mji ule ulikuwa na desturi yake. Jirani akipika kitamu, huleta sahani. Na sahani ile ni aibu kuirudisha na chakula ndani. Irudi nyeupe, ndiyo adabu. Na Bwana Pandu alikuwa na majirani wengi, na wote walijua kupika.

Bwana akafikiri. Akamwita Paka.

"Shume, mwanangu. Mimi nimekatazwa. Wewe hukukatazwa. Kula, sahani irudi nyeupe."

Paka akala halua. Lapu! Akala visheti. Karau! Akala tambi za sukari, akaramba sahani, akaramba masharubu. Kesho, lapu! Keshokutwa, lapu! Bwana akapungua mwili, akawa mwepesi. Paka akanenepa, tumbo likafagia sakafu.

Akawa na majivuno. Alikaa kizingitini akamwita Mbwa.

"Ewe mlinda jivu! Leo umekula nini?"

"Kichwa cha samaki."

"Na jana?"

"Kichwa cha samaki mwingine."

"Maskini. Mimi nimekula cha Bwana. Bwana mwenyewe hakukila!"

Zikapita siku. Paka akashikwa na kiu. Akanywa maji ya bakuli, gugu gugu gugu! Akanywa ya ndoo. Akanywa maji ya Bata, Bata akiwa ndani yake anaoga. Akaenda chini ya mpera kukojoa, chururu! Akarudi kunywa. Akaenda kukojoa. Akala chakula cha paka watatu, lakini mwili ukawa unakwisha. Mgongo ukachongoka. Miguu ya nyuma ikalegea, akawa hakanyagi kwa vidole, anakanyaga kwa kisigino, kama bwana harusi aliyevaa viatu vya kuazima.

Na kule chini ya mpera, kila alipokojoa, sisimizi wakaja. Mstari mrefu, unakwenda na kurudi.

Paka akafurahi. "Mnaona? Hata sisimizi wanakuja kuniamkia."

Doria akamwuliza, "Mbona chooni kwangu hawaji?"

"Wewe nani akuamkie?"

Lakini alizidi kukonda. Bata akamtazama. Bata alikuwa hajui jambo lolote, na lolote lisilomhusu alikuwa wa kwanza kulisemea.

"Kwa! kwa! kwa! Shume umetiwa jicho! Hebu fikirini. Ni nani anayemkodolea Shume macho kila anapokula?"

Kuku wakageuka. Mbuzi akageuka. Wote wakamtazama Doria.

"Nisimtazame yeye nimtazame nani?" Doria akasema. "Mimi nakaa mlangoni. Mlango ndio unaotazama huko."

"Amekiri!" Bata akapiga kelele. "Kwa! kwa! Amekiri mwenyewe!"

Wakafanya kikao. Jogoo akapanda juu ya kinu, akawa hakimu, kwa sababu ndiye mwenye kilemba. Akahukumu, "Kokoikoo! Ikifika Ijumaa Paka hajapona, Mbwa atahama ua huu." Doria akatazama pale mlangoni, mahali pake pa miaka kumi na miwili. Ardhi ilikuwa imebonyea kwa umbo lake.

Ndipo ikasikika sauti ndogo sana kutoka chini.

"Samahanini. Tunaweza kupita?"

Alikuwa mkuu wa sisimizi. Nyuma yake mstari ulikuwa umesimama, kikao kimeziba njia.

"Piteni upesi," akasema Jogoo. "Hapa pana kesi ya uchawi."

"Uchawi sisi hatuujui, Bwana Hakimu. Sisi tunajua sukari. Zamani tulikuwa tunakwenda jikoni kwa Bwana, kwenye kopo. Siku hizi tumehamia chini ya mpera. Mkojo wa Shume una sukari, na haufungwi kifuniko."

Mbuzi akaanza kucheka. Mee-hee-hee! Bata akacheka. Bwana Pandu, aliyekuwa anasikiliza dirishani, naye akacheka. Kisha akaacha. Akakumbuka. Kiu, yeye alikuwa nayo. Kukojoa, alikojoa hivyo hivyo. Kukonda huku anakula, hivyo hivyo. Na sahani zile, ni nani aliyekuwa akimpa Paka?

Akasema, "Lahaula! Leteni kikapu."

Wakamchukua Paka wakampeleka ng'ambo ya kijito, kwa daktari wa wanyama wote. Na daktari huyo alikuwa nani? Bi Nungunungu. Mmecheka. Hata Paka angecheka, lakini aliiona miiba ile na mate yakamkauka.

Bi Nungunungu akamtazama ulimi. Akambonyeza tumbo. Akamtembeza. Akamnusa mdomo.

"Ni sukari."

"Bwana ameniambukiza!" Paka akalia.

"Ugonjwa huu haurukii mtu kama kiroboto, Shume. Kilichoruka ni tonge. Limetoka kwenye sahani ya Bwana, likatua tumboni kwako. Unene ukaja, na sukari nayo ikaja nyuma ya unene."

"Basi nipe dawa nipone."

"Dawa nitakupa. Sindano ndogo, mwiba mwembamba kabisa. Na chakula cha paka, kwa saa zake."

"Siku ngapi?"

"Asubuhi na jioni."

"Sawa. Siku ngapi?"

"Asubuhi na jioni."

"Bi Nungunungu, mimi nakuuliza siku—"

"Nami nimekujibu."

Paka akamtazama Bwana. Bwana akatazama dari. Yeye naye alijibiwa vile vile.

Wakarudi. Kesi ya Doria ikafa, ila hakuna aliyemwomba radhi. Bata alisema tu, "Mimi nilijua tangu mwanzo ni sukari."

Kila asubuhi Bwana alijidunga, chwii! Akamdunga Paka, chwii! "Nyau!" Nje magoti yakalia, ko! ko! ko! Jioni tena, chwii! chwii! Na sahani za majirani Bwana akawa anazirudisha na chakula chake, amefunika kwa kitambaa, anasema, "Jirani, mkono wako mtamu, ugonjwa wangu mkali." Siku ya kwanza walinuna. Siku ya tatu walimletea mchicha.

Mwezi ukapita. Miezi miwili. Kiu ya Paka ikatulia. Mwili ukarudi. Akakanyaga kwa vidole, akaruka juu ya kabati, akashika panya! Sisimizi wakarudi kwenye kopo.

Paka akajitazama kwenye maji ya ndoo. Akasema, "Nimepona."

Asubuhi Bwana akaja na sindano. Paka hayupo. Yuko chini ya kabati, ukutani kabisa, pasipofika mkono.

"Shume, toka."

"Mtu mzima hadungwi, Bwana. Nimepona."

Bwana akainama, akavuta, akakwaruzwa. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu. Siku ya nne.

Doria akamwita. "Shume, nikizunguka ua magoti yangu hulia?"

"Hayalii."

"Nisipozunguka?"

"Yanalia."

"Je, yamepona?"

"Wewe ni mzee, Doria. Usinipe uzee wako."

Siku ya saba, Bwana Pandu akiwa shamba, Paka akatangaza dua ya shukurani. Mgonjwa akipona lazima ashukuru, ndiyo desturi. Na watu hushukuru kwa kitu gani? Kwa kitamu! Akaalika ua mzima. Sinia la halua lililoletwa na jirani, Bwana hayupo kulirudisha, likawekwa mkekani. Akakaa mbele ya sinia. Kwanza tonge moja, la baraka. Kisha la pili, la mgeni asiyekuja. La tatu hakulitafutia sababu.

Ulikuwa mchana, na alikuwa amekwisha kunywa ndoo nzima tangu alfajiri, lakini hakumwambia mtu. Akasimama kuhutubia.

"Ndugu zangu. Mwenyezi Mungu ameniondolea maradhi yangu, na—"

Puu! Akaanguka juu ya halua.

"Jicho!" Bata akalia. "Jicho! Kwa! kwa! kwa!" Kuku wakatawanyika. Mbuzi akakimbia na kipande cha mkeka mdomoni. Hakimu akapanda ukutani akageukia upande wa pili, asije akaitwa shahidi. Paka amelala, macho nusu, anahema hee, hee, hee.

Akabaki Doria peke yake.

Doria akasema, "Haya, magoti yangu. Leo si mara tatu." Akatoka mbio. Ko! ko! ko! Akapita konde la mihogo. Ko! ko! Akavuka kijito. Ko! Akafika.

"Bi Nungunungu, Shume anakufa!"

"Nitakuja, lakini miguu yangu mifupi. Nitafika kesho."

"Panda mgongoni."

"Mimi? Na miiba hii?"

"Panda, bibi. Magoti yamekwisha kuzoea maumivu. Mgongo nao ujifunze."

Akapanda. Nendeni mkaulize mbwa yeyote ilivyokuwa safari ile. Kila shimo, "Wi!" Kila jiwe, "Wi!" Kijitoni, "Wi! wi!" Lakini hakusimama. Alipoingia uani, Bi Nungunungu alishuka akamtia Paka dawa, chwii, akamtia na maji kidogo kidogo, akakaa naye mpaka jua likageuka.

Paka akafungua macho. Kitu cha kwanza alichokiona ni mgongo wa Mbwa, miiba imesimama kama vijiti vya mishikaki.

"Doria, nani amekudunga hivyo?"

"Hizo ni sindano zako za siku saba. Ulizikataa, nimezipokea mimi."

Paka akainuka, akayumba, akaenda nyuma ya Doria. Akaanza kuitoa miiba kwa meno, mmoja mmoja. Alipotoa wa mwisho akasema, "Uliposingiziwa jicho sikukutetea. Nisamehe, kaka yangu."

"Nilisamehe zamani. Ongeza ule wa kule, nyuma ya sikio."

Tangu siku hiyo, sindano ikija, Paka yupo. Na Bata akimwuliza, "Shume, umepona?" Paka humjibu, "Sijapona. Lakini nipo." Na nje magoti huitikia, ko! ko! ko!

Watoto, mmecheka. Vizuri.

Mbwa wa hadithi alifika. Sisi, Ijumaa ile, hatukufika hospitali. Babu yenu naye, kwa dawa za sukari, kiu ilimtulia, akarudi barazani kucheza bao, akamfunga kila mtu. Akaziweka dawa zake kwenye droo. Akaniambia, "Mimi mzima sasa, tufanye shukurani." Sikumkataza, kwa kuwa nami nilifurahi. Halua ile niliikoroga mimi, kwa mikono hii. Watu walisema haijapata kupikwa halua kama ile. Ilikuwa Alhamisi.

Kwa hiyo nasema wazi, hata mdogo aelewe. Sukari, presha, pumu, baridi yabisi, ya mtu au ya mnyama wako, ni maradhi ya kukaa nayo. Ukijiona mzima ukiwa unatumia dawa, ni dawa inafanya kazi. Usiiache mpaka aliyekupa akwambie. Na shukurani ya uzima ni kuutunza. Bi Mafunda, usilie. Nenda kesho ukapimwe, na yule paka wako mnene mchukue.

Hadithi yangu imefika mlangoni kwake, nami naiacha iingie. Sasa inueni mikono, na nyinyi wadogo pia.

Ewe Mola wetu, msamehe Faki bin Haji. Mrehemu, umpanulie kaburi lake, ulitie nuru. Umpe huko kitamu ambacho hakimdhuru. Na sisi uliotubakisha, utupe subira, na utujaalie kuamka kila siku tukafanya la siku hiyo. Amin.