Kofia Tatu za Bi Kima

Paukwa?

Pakawa.

Palikuwa na mmoja, akatakiwa awe watatu. Sogeeni, mwenye usingizi akalale.

Hapo zamani Fisi alitangaza kazi. Anataka bawabu mchapakazi, mwenye uzoefu wa miaka kumi na umri usiozidi minane. Msicheke, walioomba walikuwa wengi. Kazi akaipata Bi Kima.

Siku ya kwanza akapewa kofia nyekundu, alinde mlango. Siku ya pili akapewa nyeupe, apike. Siku ya tatu akapewa nyeusi, achunge mbuzi. Mbuzi kwa Fisi, wenzangu! Wakipungua, anaulizwa Kima.

Ujira wake bakuli moja la uji.

"Mzee, kazi tatu, bakuli moja?"

"Kwani una matumbo mangapi? Hapa sisi ni familia."

Basi akaomba siku moja tu akapande mahindi, maana mvua ilikuwa inapita na wanawe wangelala njaa. Akanyimwa. Ilimuuma sana.

Akaja Tembo, jumbe wao, mwenye macho madogo yasiyoona vizuri. Kofia nyekundu ikamfungulia, nyeupe ikamnawisha, nyeusi ikampitishia mbuzi.

"Mzee Fisi, una wafanyakazi watatu?"

Fisi akavimba kichwa. "Watatu, jumbe. Na wote wanashiba."

"Vizuri. Kesho ni msaragambo, kijiji kizima tunachimba lambo la maji. Nyumba yenye mfanyakazi mmoja, abaki. Yako ina watatu: mmoja abaki, wawili waje."

Alfajiri Fisi akamletea Kima kofia mbili. "Kachimbe sehemu za hao watu wawili."

"Jumbe kasema mmoja abaki, mzee. Mimi ndiye huyo mmoja. Hao wawili waamshe."

Fisi akataka kwenda kusema kweli, akaona haya. Akachukua jembe na kofia, akaenda mwenyewe. Akachimba kwa nyekundu, akakimbilia kichakani, akarudi kwa nyeupe. Akachimba, akakimbia, akarudi. Akachimba, akakimbia, akarudi.

"Mwenzako yuko wapi?" Tembo akauliza.

"Kaenda kunywa maji, jumbe."

Kima naye alikuwa shambani kwake, akapanda hadi mstari wa mwisho.

Jioni Fisi akarudi anatambaa. Kima akamtilia uji, bakuli moja.

"Nimefanya kazi ya watu wawili, Bi Kima. Bakuli moja?"

"Kwani mzee una matumbo mangapi?"

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Kofia mbili hawakuziona.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa nzuri, gawaneni. Ikiwa mbaya, mpelekeeni tajiri wenu.