Barakoa Ambayo Hakuna wa Kuiona

Hapo zamani, kabla vilemba havijajifunza kuogopa chafya, katika mji wa Kiwambale alikuwapo mshona kofia jina lake Machano. Chuoni alikimbia mapema, mfukoni hana kitu, ila mdomo alijaliwa wa watu saba.

Basi ikawa homa ya kifua imeingia mjini, na tabibu akamwambia Sultani Harubu kwamba homa ile hupita kwa pumzi, heri kila mtu afunike pua na mdomo. Mbiu ikapigwa, watu wakafunika. Lakini Sultani mwenyewe akaenda sokoni uso wazi, akisema barakoa ni vazi la mabibi wa ndani, simba havai. Watu walipomwona wakavua zao, na homa ikaufanya mji shamba lake.

Machano, ambaye mamaye alikuwa anakohoa ndani, akasema kwa muuza kahawa, "Homa haiulizi ukoo. Hata simba ana tundu za pua."

Neno halina miguu, lakini hufika. Jioni ile akaitwa.

"Wewe," akasema Sultani, "ulimi wako mrefu kuliko uzi wako. Haya, nishonee barakoa inifunike pua na mdomo, wala asiwepo barazani wa kuniona nimeivaa. Siku tatu. Ukishindwa, gerezani."

Machano alijua gereza lile limejaa wakohozi, aingiaye kwa miguu hutoka kwa kubebwa. Na mama atabaki na nani? Akainama. "Hewala, Seyyid yangu. Ila niahidi kwamba nitakavyoshona vyote vitavaliwa."

"Nimeahidi."

Siku ya tatu akaja na kapu. Akampa Sultani barakoa ya bafta nyeupe, haina hata nakshi. Waziri akacheka. "Punguani, hii si tunaiona?"

"Usiwe na haraka, mheshimiwa, yako inakuja."

Akawagawia wakuu wote vitambaa vipana kama foronya, vya kufunika tangu paji la uso hadi kidevu. Ahadi ni deni. Wakavaa, na Sultani akavaa yake, naye Machano akageukia ukuta.

"Sasa uliza, Seyyid, nani anakuona."

"Hatuoni hata pua zetu," akanung'unika Kadhi.

Basi ukafika wakati wa kumsalimu Sultani, kama desturi. Waziri akapapasa, akaliinamia birika la kahawa, akaliita nuru ya mji. Kadhi akaipigia magoti nguzo na kuiombea umri mrefu. Liwali, mtu wa kilo zake, akatafuta mto wa kukalia, akamkalia Sultani mwenyewe mapajani. Sultani akacheka hata machozi yakalowesha bafta.

"Umecheka robo saa, Seyyid," akasema Machano, "na pumzi haikukatika ndani ya barakoa. Simba angali simba."

"Lakini heshima yangu imekwenda kwa birika."

"Basi chagua: waone umevaa, au wasikuone kabisa."

Sultani akamsukuma Liwali kando. "Fungueni macho. Mnione."

Siku ileile akazunguka soko zima na barakoa yake, na kufika alasiri hapakuwa na pua iliyobaki nje. Machano akapewa majora kumi ya bafta, na tabibu akapelekwa kwa mamaye. Bibi yule akapona, na neno lake la kwanza likawa kumgombeza mwanawe kwa kukimbia chuo.

Nawe uliyesikiliza mdomo wazi tangu mwanzo, ufunge sasa. Hekaya imekwisha, chafya haina miadi.