Dua Aliyoombewa Dhakwani Mkamua Mafuta

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Wasit, zama zile njia za misafara zilipokatika na watu wakawa wanazika dhahabu zao chini ya sakafu, aliishi mkamua mafuta aitwaye Haritha bin Wahbi. Alikuwa mcha Mungu wa kweli, na ninasema wa kweli kwa makusudi, asije mtu akadhani kwamba kisa hiki ni cha mnafiki. Safu ya kwanza msikitini haikumkosa. Kipimo chake hakikumpunja mtu. Wenye kuoza mabinti, wenye kuingia ushirika, wenye kuweka amana, wote walimwendea yeye kwanza wakamuuliza, "Fulani ni mtu wa namna gani?" Na alilolisema Haritha, soko zima lililishika.

Isipokuwa alikuwa na maradhi, na maradhi yenyewe yalikaa nyumba ya pili kutoka kwake.

Dhakwani alikuwa zamani mtumwa wake. Haritha ndiye aliyemwacha huru kwa kutaka radhi za Mola wake, na ndiye aliyemfundisha kazi: namna ya kuosha ufuta, kuukaanga bila kuuunguza, na kumwongoza ngamia azungushe kinu kwa mwendo ule ule asubuhi hadi jioni. Dhakwani alipofungua kinu chake kidogo, kwa ngamia mmoja mzee aliyemnunua kwa huruma ya muuzaji, Haritha alikwenda mwenyewe kumsomea Fatiha ya ufunguzi. Mambo yakawa mazuri mpaka siku ile mteja mmoja alipoingia dukani kwa Haritha, akanusa huku na huku, akasema, "Samahani, nilidhani hapa ndipo kwa Dhakwani," akatoka.

Tangu hapo wivu ukamshika Haritha, wivu hasa, ule unaomkosesha mtu ladha ya chakula. Alihamisha kiti chake akakiweka pale anapouona mlango wa mwenzake. Kila aliyetoka na chupa iliyojaa, Haritha aliona kama mafuta yale yamechotwa katika mtungi wake yeye. Alasiri upepo ulipovuma, ulimletea harufu ya mafuta ya Dhakwani, na kwa kuwa aliijua kazi, alijua kwamba yale ni mazuri kuliko yake. Hilo ndilo lililomla. Kama yangekuwa mabaya angemwonea huruma kijana wa watu, hata angemsaidia. Katika sijda alikuwa akiomba, "Ewe Mola, wabariki watu wa soko hili wote," na moyo ukanong'ona, "isipokuwa mmoja." Hapo huleta istighfari, kumwomba Mola msamaha, akatoa salamu, akarudi kwenye kiti chake kuutazama mlango.

Basi njia zilipokatika, wakulima wa ufuta hawakuweza kuupeleka mbali, wakawa wanauuza kwa bei ya kutupa langoni mwa mji. Mtu mwenye kinu cha pili na ngamia mwenye nguvu angeweza kuununua, akakamua, akaweka akiba ya mafuta ya msimu wa baridi. Lakini nani angetoa mali yake wakati ule? Hakuna aliyejua kama njia zitafunguka, wala kama mji wenyewe utabaki salama. Dhakwani alikuwa na ujuzi na nguvu, mtaji hana.

Na katika mji ule alikuwapo bibi mmoja, Atika, aliyeachiwa wana wa marehemu kaka yake awalee. Mali ya yatima wale ilikuwa imezikwa, na kila mwaka ilipotolewa zaka ilizidi kupungua, naye bibi akaona vibaya kuikuta imekwisha siku watakapobaleghe. Akakusudia kumpa Dhakwani kwa njia ya mudharaba: mali itoke kwao, kazi itoke kwake, na faida wagawane. Ila kabla ya kutoa akasema, nitamuuliza kwanza Sheikh Haritha.

Akaja dukani asubuhi na ushungi wake, akatoa salamu, akasimama mlangoni.

"Sheikh, nina mali ya yatima, na ni amana iliyo shingoni mwangu. Dhakwani anataka kuongeza kinu cha pili. Wakati wenyewe ndio huu unaouona. Wewe umemlea, unamjua ndani na nje. Je, nimpe?"

Haritha aliyaona majibu yote mawili mbele yake. Akisema mpe, kesho kutakuwa na vinu viwili kwenye mlango ule asioweza kuacha kuutazama. Akisema usimpe, atakuwa mwongo mbele ya Mola wake, na yeye uongo hakuuzoea. Basi akainamisha kichwa, akashusha pumzi ndefu, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwenyezi Mungu atusitiri, sisi na yeye. Mwombee dua, bibi. Nami humwombea."

Hakuongeza neno. Bibi Atika akasema, "Nimekuelewa, sheikh. Mungu akulipe kheri," akaenda zake.

Angalieni, enyi ndugu. Katika maneno yale hamna uongo hata chembe. Ungeweza kuyaandika kwenye ukuta wa msikiti na hakuna ambaye angeyafuta. Na ndiyo yaliyomfungia mtu mlango wa riziki yake. Haritha siku ile alikula chakula cha mchana akakimaliza, jambo ambalo mkewe, Umaima, alikuwa hajaliona kwa muda mrefu.

Siku hazikupita nyingi, Bibi Atika akarudi. Safari hii alisema, "Sheikh, mali ya hawa watoto haiwezi kuendelea kukaa chini ya udongo. Nimeona nikupe wewe uifanyie kazi. Kwako nina amani." Moyo wa Haritha uliruka. Uani kwake palikuwa na kinu kipya cha jiwe, alichokichongesha kwa nia moja tu, ampite Dhakwani, kikabaki kimelala pale kwa kukosa ngamia wa kukizungusha. Akamwambia bibi, "Nipe nafasi niombe istikhara, Mola anionyeshe lililo kheri," lakini moyoni alikuwa ameshakubali, na tayari alikuwa anachagua ngamia.

Jioni ile ile Dhakwani akabisha hodi. Begani alikuwa na alama nyekundu ya kamba, kwa sababu ngamia wake mzee alikuwa ameanguka asiinuke, na tangu hapo kinu alikuwa akikivuta yeye mwenyewe, na mkewe akisukuma nyuma. Mkononi alishika chupa ndogo.

"Bwana wangu," akasema, "Bibi Atika ameniambia hatanipa ile mali. Hakunieleza sababu, nami sikumuuliza, mali ni yao. Ila ameniambia kwamba uliniombea dua mbele yake. Nimekuja kukushukuru. Wakati kama huu kila mtu anajiombea nafsi yake. Haya ni mafuta ya mkamuo wa kwanza, sina kingine cha kukupa. Usiache kuniombea."

Akaiweka chupa, akaaga, akaondoka. Umaima, aliyekuwa ndani akisikia, akatoka akaketi mbele ya mumewe.

"Ilikuwa dua gani hiyo?"

Haritha akamweleza. Kisha akaharakisha kusema, "Na sikusema uongo, Umaima. Wallahi sikusema uongo."

"Basi hebu yarudie, kama ulivyoyasema kule dukani."

Akayarudia, na pumzi ikamtoka yenyewe kama siku ile.

"Sasa yarudie bila kushusha pumzi."

Haritha akafungua kinywa. "Mwenyezi Mungu atusitiri, sisi na yeye..." Bila pumzi ile, yalikuwa dua tu, dua ya kawaida anayoombewa kila Muislamu, wala hayakuwa na chochote cha kumzuia bibi asitoe mali yake.

"Umeona?" akasema Umaima. "Mali unayoiombea istikhara, umeipata kwa pumzi hiyo."

Haritha akabaki ameketi, chupa iko mbele yake, harufu inamjia. Alijua la kufanya, na hakutaka kulifanya. Kwenda kwa Bibi Atika ni kulivunja jina lake mwenyewe, kwani mtu atamwendeaje tena kumuuliza habari za watu? Lakini nitasema kama walivyosema wasimulizi, wala sitampamba: aibu siyo iliyomuuma zaidi. Kilichomuuma ni kuwaona kwa macho ya moyo ngamia wawili wenye afya wakizunguka nyumba ya pili. Akalia kwa uchungu, akajua kwamba anayalilia maradhi yake. Kisha akainuka, akaichukua ile chupa.

Bibi Atika alimsikiliza nyumbani kwake, kutoka nyuma ya pazia.

"Bibi, ile mali sitaichukua. Na nimekuja kuyatengua niliyoyasema."

"Mbona hukusema kitu, sheikh?"

"Ndiyo sababu nimekuja."

Bibi akauliza, "Unamjua Dhakwani kwa aibu gani?"

"Simjui kwa aibu yoyote. Haibi, hapunji, hasemi uongo." Akaitazama ile chupa. "Nina jambo moja tu juu yake."

"Lipi hilo?"

"Mafuta yake ni mazuri kuliko yangu. Yanuse." Akaipitisha chupa chini ya pazia.

Bibi Atika akayanusa, na aliposema, sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilikuuliza juu ya mali ya mayatima, Haritha, nawe ukanijibu juu ya maradhi yako."

"Ni kweli."

"Na mimi nitajuaje kama hili la leo silo maradhi mengine? Wewe, kwa mali yako, wakati kama huu, ungempa?"

Haritha akakikumbuka kinu chake kipya kilicholala uani, jinsi alivyokisimamia kikichongwa, na kwa nini. "Nina kinu cha jiwe," akasema. "Nitakitia katika ushirika wake. Mkipata nitapata, mkikosa nitakosa pamoja nanyi."

Kutoka hapo akapita moja kwa moja kwa Dhakwani, akamkuta na kamba begani, akamweleza yote bila kuficha, hata ile pumzi. Dhakwani akaishusha kamba polepole.

"Kumbe ile dua..."

"Ndiyo hiyo."

"Nimeumia, bwana wangu," akasema Dhakwani. "Sikufichi, nimeumia sana. Ungenitukana ingekuwa nafuu. Niache kwanza moyo wangu utulie."

Haritha akamwacha. Ilipita Ijumaa ndipo Dhakwani alipokuja, hana maneno mengi, akasema, "Kiko wapi hicho kinu?" Wakakibingirisha pamoja barabarani, na watu wa soko wakasimama kuwatazama.

Msidhani kwamba mambo yalinyooka hapo hapo. Ngamia walinunuliwa, ufuta ukakamuliwa, na njia zikabaki zimefungwa. Mitungi ikajaa hadi uani na wanunuzi hawaonekani. Bibi Atika alikuwa na hofu, Dhakwani akawa anakonda. Na Haritha, Mungu amrehemu, alipoiona mitungi ile imekaa, alisikia moyoni furaha ndogo ya chini kwa chini, na kinu chake mwenyewe kimo humo humo! Hasadi haina akili, humfurahisha mtu kwa hasara yake mwenyewe. Alipoitambua furaha ile aliogopa mno. Tangu siku hiyo akawa anakwenda kila asubuhi mlangoni kwa Dhakwani na kusema kwa sauti, mbele ya watu, "Ewe Mola, mbariki Dhakwani," kwa jina lake, meno yakimuuma. Naye Dhakwani huitikia amina kutoka ndani, hajui kicheko au kilio ndicho kinachomfaa.

Baridi ilipoingia, watu waliokimbia kutoka vijijini walikuwa wamejaa mjini, kila nyumba inataka mafuta ya kuwashia taa na ya chakula, na mitungi iliyokuwapo ilikuwa ile yao tu, ikauzwa yote. Hawakuwa matajiri. Lakini mali ya yatima ilikua, zaka ikatoka katika faida, mtaji ukabaki salama mpaka walipobaleghe wakakabidhiwa.

Ama wivu wa Haritha, lini ulimtoka, wasimulizi hawakutaja. Wamepokea tu kutoka kwa Umaima kwamba siku moja alimsikia mumewe akimwambia mteja, "Hapa si kwa Dhakwani, ndugu yangu, kwake ni nyumba ya pili," na alipotazama akamwona anatabasamu.

Haritha alipofariki, jeneza likawekwa mbele, na imamu akawageukia watu akauliza kama ilivyo desturi, "Mnamshuhudiaje maiti huyu?" Watu wakatulia wakamtazama Dhakwani, kwa kuwa kisa chao kilikwisha kujulikana, na hakuna aliyekuwa na haki zaidi ya kusita. Dhakwani akainua kichwa akasema, "Mtu mwema." Na waliokuwa karibu naye wamesema kwamba hakushusha pumzi.

Basi ewe ndugu, kesho nawe utaulizwa habari za mwenzako anayetafuta riziki. Unalolijua kwa yakini, liseme, kwani anayeuliza ana haki ya kujua. Usilolijua, usilitie katika dua. Mola wetu ayasikia maneno, na kilichojificha nyuma ya maneno hakimpiti.