Kengele ya Nyumba Nzima

Mtu mmoja alikuwa na hasira ya karibu, kama maziwa jikoni: ukigeuka tu, yamefurika. Siku moja mke wake akafunga begi, akaliweka nyuma ya mlango. Akamwambia, "Baba watoto, ama hasira itoke humu ndani, ama nitoke mimi."

Yule bwana akaogopa. Akasikia kuna monasteri ya Wabudha huko milimani, wanapokea wageni kwa mafungo ya ukimya. Akaenda. Msinikunjie uso, ndugu zangu. Ninyi mmekaa hapa kanisani miaka yote na hasira zenu mnazo!

Akakaa mwezi mzima. Aliamka kabla ya jua, akakunja miguu, akafagia majani, akala bila neno. Kengele ilipolia, kila mtu alisimama alipo na kuvuta pumzi, hata mwenye kijiko mdomoni. Siku ya kuondoka, mtawa mkuu akampa kengele ndogo ya shaba. "Ukiisikia," alimwambia, "simama. Pumua."

Basi akarudi nayo nyumbani. Mnadhani aliifanyia nini?

Mfuniko ukianguka, ting! Watoto wakicheka, ting! Shemeji yake aliyekaa nao akipiga soga na jirani, ting! "Nyamazeni! Mnaniharibia utulivu wangu!" Watoto wakajifunza kutembea kwa ncha za vidole. Mke akapika kama mwizi, asisikike. Na begi? Begi lilikuwa bado nyuma ya mlango.

Jioni moja sufuria ilimponyoka yule mama. Bwana akaruka kutoka kwenye mto wake wa kutafakari, akamtukana yeye, akamtukana na mama yake. Mke aliichukua kengele, akaipiga mbele ya uso wake. Ting.

"Weka chini kengele yangu!"

"Mtawa alisema ukiisikia ufanyeje?"

"Mimi nimeshatulia! Hiyo ni ya kuwatuliza ninyi!"

Yule mama akamtazama. "Haya, mume wangu. Sisi tumetulia." Akairudisha kengele mezani taratibu, akachukua begi, akaita watoto na yule shemeji, wakaondoka.

Nyumba ikanyamaza. Hakuna mfuniko, hakuna kicheko, hakuna shemeji. Ule ukimya alioutafuta milimani ulikuwa umejaa mpaka darini. Akaipiga kengele, kwa mazoea tu. Ililia vizuri, ndugu zangu. Na aliyeisikia alikuwa mmoja.

Sasa mnatikisa vichwa. Mnamhurumia! Na sisi je? Sisi tunaofunga Kwaresima, kisha nyumba nzima inafunga midomo kwa sababu baba ana njaa? Sisi tunaotoka mkesha tukiwa watakatifu, na kufika mlangoni tunauliza kwa ukali nani ameacha ndoo hapa? Kila neno tunalopewa madhabahuni tunalibeba kwenda kumpigia mwingine masikioni. "Umesikia mahubiri ya leo? Yalikuwa yako." Tumechoka na neno hilo! Yalikuwa yako wewe uliyesimulia.

Sitawaomba mengi. Leo mkifika nyumbani, msibishe hodi upesi. Simameni kwanza nje, msikilize. Watoto watakuwa wanacheka. Kisha fungueni mlango. Kicheko kikiendelea, mlikuwa kanisani. Kikikatika, rudini. Nitakuwa bado hapa.