Kigoda cha Kisima na Kitambi cha Luhende

Hapo zamani, na sogeeni karibu, maana hii siwezi kuisimulia nikiwa nimekaa kitako, hapo zamani palikuwa na vijiji viwili, Igaka na Busule, na kati yao kisima kimoja tu kisichokauka kiangazi.

Kila mwaka vijiji hivyo vilipigana mieleka, mtu mmoja kwa mtu mmoja. Kijiji kilichoshinda kilishika kisima mpaka mvua inyeshe. Kilichoshindwa kilikwenda kuchota maji mto wa mbali, na huko, jamani, ng'ombe walifia njiani, na watoto wachanga hawakurudi wote.

Sasa shikeni desturi zao. Kabla ya kupigana, mpiga mieleka alipimwa kwenye gogo la mizani. Huku anakaa yeye, kule limefungwa Jiwe la Bibi. Ukilizidi jiwe, hupigani, kijiji chako kimeshindwa hapo hapo. Na mpiga mieleka akishinda, zawadi si yake! Zawadi ni kigoda cha kisima, na kigoda hupewa mtu aliyemwandaa. Mtu mmoja tu. Akikikalia, yeye ndiye mgawa maji, na wakubwa wote wa kijiji watamsemesha kwa adabu.

Bingwa wa Igaka aliitwa Luhende. Mwaka uliopita alishinda, na tangu hapo hakuna harusi iliyomkosa. Mkia wa kondoo? Wa Luhende. Pombe tamu ya mtama? Ya Luhende. Viazi vya samli? Nani mwingine! Ilipobaki miezi miwili wakamjaribu kwenye gogo. Gogo likaenda chini puu! Jiwe la Bibi likabaki linaning'inia juu, na wanawake wakashika vichwa.

Luhende akasema, "Basi, sili."

Na kweli hakula. Maji, uji mwepesi, maji. Baada ya siku chache akapanda gogo, na gogo likasimama sawa! Igaka wakapiga vigelegele. Kisha Luhende akaenda kumbeba ndama, kama alivyozoea. Thubutu! Ndama ndiye aliyemburuta yeye. Kumbe mikono na mapaja vimekwisha, na kitambi bado kiko pale pale kinachungulia!

Mkewe, Kabula, akamkalisha chini. "Mume wangu, umetupa nyama ukabakiza mafuta. Kuanzia leo utakula ninachokupa mimi."

Akampa nini? Ugali wa ukubwa wa ngumi. Lakini kando yake maharage, dagaa, nyama iliyotolewa mafuta yote, mtindi ulioenguliwa siagi, na mboga za majani zimejaa bakuli. Samli hakuna. Pombe hakuna. Luhende akanuna, akala.

Ndugu zangu, Igaka mke alipimwa kwa ukubwa wa ugali wake. Mlima wa ugali ndiyo heshima ya nyumba. Wanawake walipoona ile ngumi, maneno yakaanza. "Anamnyima mumewe!" Watoto wakamtungia wimbo. Na aliyetangulia kumsema ni mama mkwe wake, Bi Nkamba. Alisimama uani mbele za watu akauliza, "Mkwe, mwanangu amekukosea nini hata unamwua kwa njaa?"

"Mama, simnyimi. Nampunguza mafuta, nguvu simpunguzi."

"Hebu toka hapa!"

Tangu siku hiyo Kabula alitwanga peke yake na kuchota peke yake. Iliuma sana, lakini ugali haukuongezeka hata tonge.

Akaja Lushinge, rafiki wa Luhende, aliyewahi kugombea naye ubingwa. Akasema, "Shemeji, unapika vizuri, lakini chakula peke yake hakitoshi. Mkono usiofanya kazi, mwili utaula. Niachie mimi."

Kila alfajiri, mawe begani, juu ya kilima! Ndama mgongoni, juu ya kilima! Kisha mieleka kwenye matope mpaka wote wawili hawajulikani nani ni nani. Siku moja Luhende, nguvu zimeanza kumrudia, alimbwaga Lushinge akamvunja mfupa wa bega. Lushinge akafunga bega kwa kamba za magome. Kesho yake huyo, amerudi na mkono mmoja.

"Lushinge, nenda kalale!"

"Nitalala mvua zikija. Nishike!"

Kitambi kikayeyuka. Mgongo ukapanuka. Ndama alikuwa amekua, na Luhende alimbeba huku anapiga mluzi!

Siku ikafika. Bingwa wa Busule, Nkwabi, akatangulia kwenye gogo. Naye alikuwa amenenepa, akajinyima kila kitu, na gogo likampandisha juu kabisa. Busule wakashangilia. Akapanda Luhende. Gogo likayumba, likayumba, likasita, likainama upande wake! Kidogo tu, upana wa kidole, lakini limeinama. Busule wakaruka, "Kisima chetu! Kisima chetu!" Kabula akaanza kulia. Lushinge akakaa chini.

Hapo akatokea Bi Nkamba, anapasua watu, wembe mkononi. "Mnampima mwanangu au mnazipima nywele zake?"

Nywele za bingwa zilikuwa misuko mizito, imepakwa udongo na mafuta, imejaa shanga. Lakini Igaka bingwa hunyolewa siku moja tu, siku ya kumzika mama yake. Mama akimnyoa mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, amejihesabu marehemu. Hataingia tena nyumbani kwa mwanawe, wala hatakula naye.

"Mama, usifanye hivyo!" Luhende alilia.

"Inamisha kichwa."

Akanyoa. Shanga zikamwagika chini, na gogo likapanda taratibu mpaka likasimama sawasawa na jiwe. Igaka walilia na kucheka pamoja.

Mieleka ikaanza. Nkwabi alikuwa mwepesi, akamzunguka Luhende, akamtega, akampigisha goti chini! Moyo wangu unadunda hata leo. Lakini walipokamatana kiunoni, miguu ya Nkwabi ikaanza kutetemeka, maana njaa ilikuwa imeila miguu hiyo. Luhende akamnyanyua, akamzungusha, akamlaza chali. Kisima cha Igaka!

Kigoda kikaletwa. Wazee wakasema, "Luhende, mpe aliyekuandaa. Jua likizama kigoda hakina mtu, kisima kinakwenda Busule."

Kabula akasema, "Bila mimi angekuja hapa ama bonge ama mifupa mitupu. Jina langu limechafuliwa kwa ajili ya ugali ule. Kigoda ni changu."

Lushinge akasema, "Bila mimi chakula chako, shemeji, kingemfanya mwembamba basi. Mngemwona analala chali yeye. Bega langu halitapona tena. Kigoda ni changu."

Bi Nkamba akasema, "Bila mimi asingepigana kabisa. Mlikuwa mmekaa mnalia."

Kabula akamgeukia. "Mama, umenyoa kwa muda wa kutema mate! Mimi nimetukanwa miezi miwili, na aliyeanza ni wewe!"

"Kweli nilikutukana, mwanangu, na nilikosea. Lakini leo nimekufa nikiwa nimesimama. Nipeni basi mahali pa kukaa."

Kabula hakurudi nyuma. Lushinge alishika bega lake, na hakurudi nyuma. Luhende alisimama na kigoda mikononi, mikono ile ile iliyombeba ndama. Mbele yake mke, rafiki, mama. Nyuma yao kijiji kizima na vibuyu vitupu, na jua limeshagusa kilima.

Haya, msinitazame mimi! Nyinyi mliokula ugali wenu mkashiba, semeni upesi, jua linazama: je, nani alistahili kukalia kigoda kile?