Kiwanja cha Aliyeninywesha

Hapo zamani, kabla mto haujaingia jikoni, mwanamke aitwaye Siwema alikuwa akichambua mchele barazani, na mumewe, Mwalimu Kibwana, alikuwa akimsomea karatasi. Hilo ndilo lililokuwa jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ile ya bondeni, kando ya Rufiji.

Karatasi ilikuwa ya vichujio vya maji. Siwema alikuwa na maradhi ya damu. Dawa za hospitali zilimpunguzia kinga, na daktari alisema wazi: maji ambayo mtu mwingine yangemwumiza tumbo siku mbili, yeye yangemuua.

"Cha nyumbani tunacho," alisema Siwema. "Chungu cha wifi yangu kinatosha. Tafuta cha siku ya balaa. Chepesi, cha kukimbia nacho."

"Nalinganisha," alijibu Mwalimu. "Hiki kinatoa maji mengi lakini kinaziba. Hiki hakizibi lakini kinataka umeme. Hiki cha tatu..."

"Baba Tatu, unalinganisha tangu Januari. Mto haulinganishi."

Alasiri ile ile mto ukaja.

Siwema alikuwa na kiwanja mlimani, alichoachiwa na mama yake. Kilikuwa kidogo, cha nyumba moja tu, lakini maji hayakuwahi kukifikia. Huko ndiko watu wa bondeni walikokimbilia, wakafunga maturubai. Mwalimu alipanda na chungu cha kuchujia begani. Kuni zilikuwa zimelowa, mkaa ulikuwa umekwenda na maji, barabara ilikuwa imekatika. Hapakuwa na cha kuchemshia.

Sasa wajueni watu watatu.

Wa kwanza ni Chausiku, mfinyanzi, dada yake Mwalimu. Chungu kile alikifinyanga yeye. Alichanganya udongo na pumba za mpunga, akakichoma. Pumba zikaungua, zikaacha vitundu vidogo mno. Maji hupita, vijidudu hubaki. Chungu cha namna hiyo hakina haraka. Hudondosha tone kwa tone, na anayekunywa hungoja.

Siku ya pili mlimani chungu kikaanza kutiririsha. Watu wakafurahi. "Leo chungu kimechangamka!" wakasema. Siwema akakinga kikombe, akakiinua. Chausiku alikuwa kule mbali akianika nguo. Akasikia mlio wa maji, akazitupa nguo, akakimbia.

"Wifi, usinywe! Weka chini!"

Akakigonga chungu kwa kidole. Chungu kizima hulia kama kengele. Kile kililia kama kibuyu. "Kimepasuka," akasema. "Kinachokimbia hakichuji." Akaokota jiwe, akakivunja mbele ya watu wote, na wote wale walikuwa wateja wake.

"Kumbe ndivyo vyungu vya Chausiku!" wakasema. Tangu siku ile hajauza hata kimoja.

Wa pili ni Ngoda, fundi wa baiskeli. Alikuwa na mrija wa kuchujia, wenye nyuzi nyembamba ndani, aliopewa na wapima ardhi aliowabebea mizigo porini. Mrija ule ulitosha mfukoni. Lakini maji ya mafuriko ni tope, na tope likauziba. Asubuhi na jioni Ngoda aliusafisha kwa kuusukumia maji kinyumenyume kwa bomba la sindano, na bado kwa siku nzima alipata jagi moja. Siku ya tatu na ya nne jagi lile alimpa Siwema. Mama yake mwenyewe alikunywa maji ya mto. Aliharisha siku tatu, macho yakaingia ndani. Alipona, lakini Ngoda hakujua kama atapona wakati alipokuwa akimpa jagi mke wa mtu mwingine.

Wa tatu ni Bi Mwanahawa, jirani, ajuza asiye na mtoto. Mafuriko yalikuwa yamelichukua shamba lake lote. Alichokuwa amebakiza ni mbegu za mlonge, zimefungwa kwenye pindo la kanga yake, za kupandia upya. Siku ya tano alilifungua pindo lile. Akazimenya mbegu, akazitwanga, akazikoroga kwenye ndoo ya tope. Wakangoja. Tope likatuama chini, na maji ya juu yakang'aa kama kioo.

"Haya, mnywesheni mgonjwa," akasema. "Maji safi na salama!"

Siwema akacheka. "Bibi, safi ndiyo. Salama bado. Safi ni ya macho, salama ni ya tumbo."

"Mtoto mbishi wewe! Hata redioni husema safi na salama kwa pumzi moja."

"Husema, bibi, lakini katikati wameweka 'na'."

Basi wakayapitisha maji ya Bi Mwanahawa kwenye mrija wa Ngoda, na mrija haukuziba tena. Walikunywa watu ishirini. Kila siku Bi Mwanahawa alitwanga mbegu, kila siku Ngoda alichuja, mpaka pindo la kanga likabaki tupu. Kuhara kulipita turubai kwa turubai katika mlima ule. Turubai la Siwema kulilipita kando.

Siku ya ishirini barabara ikafunguka. Tatu, binti yao, akaja kuwachukua. Siwema akaishi miezi mitatu zaidi. Alimfundisha mjukuu wake kusuka ukili. Aligombana na mumewe kuhusu chumvi ya mchuzi, mara mbili, na mara zote mbili yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Kisha maradhi yake ya damu yakamchukua, akiwa kitandani, akili timamu, tumbo lake halina neno. Miezi ile mitatu Mwalimu aliipokea kama zawadi, na hadi leo huitaja hivyo.

Siku chache kabla ya kufa, Siwema aliacha wasia. "Kiwanja changu cha mlimani mpe aliyeninywesha. Mmoja tu. Usikikate, nusu yake haikai nyumba."

"Ni nani huyo?" aliuliza Mwalimu.

"Wewe ndiye bingwa wa kulinganisha," alisema Siwema, akafumba macho apumzike.

Tatu akaridhia wasia wa mama yake. Mwalimu mwenyewe hakukihitaji kiwanja. Alikuwa anahamia kwa binti yake. Lakini Chausiku, Ngoda na Bi Mwanahawa walikuwa wamerudi bondeni, kila mmoja katika nyumba iliyozibwazibwa, na kila mmoja alijua kwamba mto utarudi. Baada ya arobaini Mwalimu akawaita wote watatu, akawasomea wasia.

Ngoda akasema, "Mwalimu, mimi ndiye niliyemnywesha. Maji yaliyoingia kinywani mwake yalipita kwenye mrija wangu. Na siku mbili kabla ya mlonge yalipita mbele ya macho ya mama yangu."

Bi Mwanahawa akasema, "Mwanangu, mimi ndiye niliyemnywesha. Huyu mtani wangu mrija wake ulikuwa umeziba kama pua ya mwenye mafua. Nilitwanga shamba langu zima likaisha, ndipo mrija ukapata pumzi."

"Na maji yako, mtani," alijibu Ngoda, "yalikuwa na sura nzuri na tabia mbaya. Bila mimi ungemzika kwa maji ya kung'aa."

"Na bila mimi ungemzika kwa kiu!"

Akabaki Chausiku. Mwalimu akamgeukia. "Nawe, dada?"

"Kaka, mimi sikumnywesha. Mimi nilimzuia asinywe. Lakini ningenyamaza siku ile, hawa wawili wangemnywesha nani?"

Bi Mwanahawa akapiga kofi, akacheka. "Kama ni neno kwa neno, aliyemshikia kikombe akinywa ni Mwalimu. Basi jipe mwenyewe, baba, sisi twende zetu!"

Mwalimu hakucheka. "Kikombe nilikishika," alisema. "Na chungu nilikigongesha mimi, kwenye mwimo wa mlango, siku tuliyopanda. Nilisikia kikigonga, nikadhani si kitu. Watu walipomlaumu dada yangu nikawa najua, na nikanyamaza."

Chausiku akainamisha kichwa. "Nilijua, kaka. Ufa wa tanuri huanzia mdomoni mwa chungu. Ule ulikuwa ubavuni, ufa wa kugongwa."

"Mbona hukusema?" aliuliza Ngoda. "Biashara yako imekufa!"

"Wifi alikuwa amesimama pale. Nilitaka ajue nini? Kwamba ufa wa kumuua ulitoka begani mwa mumewe?"

Ngoda akatazama mikono yake yenye grisi. Bi Mwanahawa akasema, na safari hii hakutania.

"Chausiku, mwanangu, umefanya jambo kubwa. Lakini Mwalimu, hilo ni lako wewe na dada yako. Kiwanja ni cha marehemu. Usiombe radhi kwa mali ya mkeo."

"Ni kweli," alisema Chausiku. "Kama ni kwa sababu hiyo, kaka, usinipe."

"Na asipopewa kwa sababu hiyo," alisema Ngoda polepole, "je, si tunamwadhibu kwa kunyamaza kwake?"

Mwalimu akawashukuru mmoja mmoja kwa jina. Akawaambia atajibu kesho.

Kesho yake asubuhi alipanda mlimani na nyundo, vigingi vinne, kibao, na kopo la rangi na brashi. Alipima mara moja tu. Akapigilia kona nne. Kutoka pale aliwaona wote watatu kule chini: Ngoda akimtoa mama yake juani, Bi Mwanahawa akilima tuta jipya, Chausiku akifagia mbele ya tanuri lisilo na moto. Mwalimu akachovya brashi, akaandika kwenye kibao: KIWANJA CHA.

Hapo mkono ukasimama. Rangi inakauka kwenye brashi, na mawingu yako upande wa mto. Nanyi mliokaa mkasikia yote, msiondoke na midomo mitupu: aandike jina la nani?